Rangi ya Kiwandani

Jicho alifika kwa mjomba wake asubuhi na mapema, kabla hata chai haijachemka, na bado alijiona amechelewa. Ua ulikuwa umefagiliwa. Chini ya banda la mabati gari lilikuwa limepanguswa mpaka likaakisi miguu ya kila aliyelipita. Mjomba mwenyewe alikuwa amevaa shati jeupe la mikono mirefu, kama mtu anayekwenda kuposa.

"Umekuja, mama," alisema. "Leo nakutaka karibu. Wakianza kuongea mambo yao ya kitaalamu, wewe ndiye mkalimani wangu."

"Nipo, Mjomba."

"Basi kunywa chai. Mbona uso umekushuka?"

"Sikulala vizuri."

"Hata mimi," alisema Mjomba, akacheka. Lakini yeye alikuwa amekosa usingizi kwa furaha.

Gari lile alilinunua likiwa jipya, miaka arobaini na sita nyuma, alipokuwa kijana katika kiwanda cha kupiga chapa. Dukani kulikuwa na mekundu, meupe na ya bluu, na watu waliyagombea. Moja lilikaa pembeni miezi minane bila kuulizwa kwa sababu ya rangi yake: si kijani, si kijivu, kitu kama upande wa chini wa jani la mpera. Muuzaji alilipunguza bei apate tu kuliondoa machoni pake. Mjomba, aliyekuwa akichanganya wino kutwa nzima, alilitazama mara moja akasema hiyo ndiyo rangi pekee mle dukani iliyochanganywa na mtu mwenye akili zake. Mtaani walilibandika jina: Ukungu. Walimaanisha ule wa kwenye mkate uliolala. Mjomba akawaambia hata ule wa asubuhi juu ya mto unaitwa hivyohivyo, kila mtu achague wake. Jina likakaa.

Mambo yakageuka taratibu. Yale mekundu yaliyogombewa yalipigwa rangi upya mara tatu, mara nne, mengine yakaishia kwa wauza vyuma chakavu. Kiwanda cha magari kiliacha kutengeneza ile rangi ya Ukungu baada ya mwaka mmoja tu, maana haikuuzika. Na kwa kuwa haikuuzika, sasa ilikuwa adimu, na kwa kuwa ilikuwa adimu, wanaokusanya magari ya zamani walikuwa wakiitafuta kwa tochi. Gari jekundu la aina ile lilikuwa gari zuri la zamani, basi. Ukungu lilikuwa na thamani mara mbili yake, kwa sharti moja: rangi iwe ileile ya kiwandani, haijaguswa na mtu. Likiwa limepakwa upya, hata kwa ustadi wa namna gani, linarudi kwenye foleni pamoja na mengine.

Mjomba hakutaka kuliuza. Goti ndilo lililoamua. Lilikuwa limekataa klachi tangu mwaka uliopita, na gari lisiloendeshwa linaoza limesimama. Akatafuta mtu wa kulitunza, akampata daktari mmoja wa meno, mwanamke mwenye magari sita ya zamani na adabu zake, ambaye kwenye simu aliuliza jambo moja tu: "Mzee, rangi yake imewahi kuguswa?"

"Miaka arobaini na sita," Mjomba alimjibu, "hakuna mkono uliogusa rangi ile isipokuwa wangu, nao ulishika kitambaa."

Jicho alikuwa amekaa kwenye kiti cha pili alipoisikia kauli ile. Mlango wa nyuma wa kushoto alikuwa ameupaka yeye.

Ilikuwa hivi. Wiki kumi kabla, Mjomba alisafiri siku nne kwenda kumzika mwenzake wa kazini wa zamani. Pale nyumbani alibaki binti yake na mume wa binti yake, ambaye Jicho humwita Shemeji. Shemeji alikuwa mtu mwema, mcheshi, mwenye haraka zisizo na sababu. Akaona ampe mzee zawadi: alitoe gari bandani, alioshe, alirudishe. Wakati wa kulirudisha akakata usukani mapema. Nguzo ya geti ikaukwaruza mlango kutoka mwanzo hadi mwisho, mpaka bati likaonekana.

Alifika karakana kwa Jicho akihema, shati limelowa. "Shemeji, nisitiri. Nisitiri, nakufa."

"Mwambie Mjomba."

"Nimwambie nini? Mzee ana presha. Dada yako atanitimua. Shemeji, wewe ukiamua, hakuna jicho litakaloona. Nani hajui?"

Hicho ndicho kilichomponza. Alimwonea Shemeji huruma, ndiyo, na alimwogopea Mjomba. Lakini ukweli, aliojiambia baadaye, ni kwamba alitaka kuona kama anaweza. Alikuwa fundi wa kupuliza rangi kwa miaka ishirini na mbili, na jina la Jicho alilipata kwa sababu alichanganya rangi bila mashine, akitazama tu. Rangi ile ilikuwa imewashinda wengi. Maduka hayakuwa nayo, vitabu havikuwa na namba yake.

Akafanya kazi siku tatu geti likiwa limefungwa. Akautoa mlango wote rangi kwa nje mpaka bati, maana kiraka kingejulikana kwa kupapaswa. Akaunyoosha. Akapuliza praima, ile rangi ya kwanza inayoshika bati, nyembamba na ya kijivu, kwa kuwa ile ya zamani, nyekundu kama tofali, haikupatikana. Akachanganya rangi, akaitupa, akachanganya tena, mara kumi na moja. Ukingo wa ndani wa mlango, ule unaojificha mlango ukifungwa, aliufunika kwa karatasi na tepu, hakuugusa. Mwishowe akausugua kwa msasa laini na polishi mpaka ung'ao mpya ukafa na kufanana na milango mingine iliyokula jua miaka yote ile.

Mjomba aliporudi alilizunguka gari lake kama kawaida, akapitisha kiganja juu ya boneti, akaingia ndani kula. Hakuona kitu. Jicho alijivunia, kisha akaona haya kwa kujivunia, kisha akajaribu kusahau. Wakati ule hakuna aliyekuwa amezungumzia kuuza.

Na sasa gari la daktari wa meno lilikuwa limesimama nje ya geti.

Daktari alikuja na mkaguzi wake, mwanamume mwembamba aliyevaa ovaroli safi mno kwa mtu wa magari. Walisalimiana, wakakataa chai kwa heshima, wakaenda moja kwa moja bandani. Shemeji alikuwa ameegemea nguzo, mikono amekunja kifuani, anatabasamu bila kuangalia mtu.

"Samahani kwa ukali wangu, mzee," alisema daktari akifungua daftari lake. "Nimeshauziwa mawili yaliyoapiwa hivihivi. Moja lilikuwa na puti, ile ya kuzibia mabonyeo, nene kama kiatu. Tangu hapo sinunui mdomo, nanunua kipimo."

"Pima, daktari. Pima mpaka uchoke."

Mkaguzi akatoa kifaa kidogo cha kutosha kiganja. Kilikuwa kinapima unene wa rangi juu ya bati: kikiwekwa kinalia kidogo, kinatoa namba. Rangi ya kiwandani huwa nyembamba, inalingana gari zima. Aliyepaka juu yake huongeza unene, na namba hupanda.

Akaanza kwenye paa. "Tisini na saba." Akasogea. "Mia moja. Tisini na tisa."

Daktari aliandika. Madigadi ya mbele: mia na mbili, tisini na sita. Mlango wa mbele wa kulia, wa nyuma wa kulia. Buti. Kila kifaa kilipolia, Jicho alihisi kinalia kwenye meno yake. Mjomba alisimama na fimbo, kidevu juu, akiitikia kila namba kwa kichwa kana kwamba watoto wake wanasomewa matokeo ya mtihani.

Mkaguzi akazunguka upande wa kushoto. Mlango wa nyuma.

Kifaa kikalia. Mkaguzi akakitazama. Akakiinua, akakiweka tena, chini kidogo. Kikalia. Akakiweka mara ya tatu.

Shemeji alikuwa ameacha kutabasamu.

"Mia na moja," alisema mkaguzi. "Mia na moja. Tisini na nane."

Daktari akaandika. Shemeji akapumua kwa nguvu hata Mjomba akageuka kumtazama. "Vumbi," alisema Shemeji, akajikohoza. Jicho alishusha mabega. Alikuwa ameupatia unene ule kwa kuhesabu mipulizo tu, bila kifaa chochote. Hata pale, roho ikiwa mkononi, kitu ndani yake kilipiga kifua.

Mlango wa mbele wa kushoto nao haukuwa na neno. Ilibaki boneti. Mkaguzi akaweka kifaa karibu na taa. Kikalia.

"Mia…" akakitazama tena. "Mia moja tisini na sita."

Akasogeza. "Mia mbili na moja." Akaenda mpaka mwisho karibu na kioo. "Mia moja tisini na nane."

Alikizima kifaa, akakipangusa kwa leso, akakiwasha, akapima paa. Mia moja. Akarudi kwenye boneti. Mia mbili.

"Boneti imepakwa upya," alisema.

"Haijapakwa," alisema Mjomba.

"Mzee, unene ni mara mbili."

"Sijui unene. Najua haijapakwa."

Daktari hakupandisha sauti. Alifunga daftari, kalamu ikiwa ndani. "Mzee wangu, boneti kupakwa si dhambi. Gari la miaka arobaini na sita lazima limepigwa na jiwe mahali. Ungeniambia tu. Sasa ukinificha la boneti, nitajuaje mengine?"

"Sikukuficha!" Fimbo ya Mjomba iligonga sakafu. Mishipa ya shingo ilikuwa imemsimama. "Mimi nimefanya kazi ya kupiga chapa miaka thelathini na nane. Neno likitoka kwangu likiwa na kosa, watu elfu tano walilisoma kosa lile. Sijazoea kusema kitu nisichokijua!"

"Basi, baba, basi," alisema Shemeji.

"Sio basi! Ninaitwa mwongo kwangu!"

Daktari alikuwa ameshika mkoba wake. Jicho alimwona Mjomba akiitazama boneti na kuitazama tena, kama anaiomba ijitetee. Hapo Jicho akasogea bila kupanga, akafungua boneti, akainama chini yake. Akatazama bolti za bawaba: rangi juu yake haikuwa na ufa, hazijawahi kufunguliwa. Akapitisha ukucha kwenye ukingo. Akaelewa.

"Hii ilipakwa mara mbili kiwandani," alisema.

Mkaguzi akatabasamu. "Fundi, kila anayeuza gari husema hivyo."

"Mimi siuzi. Sikiliza. Kipande kikitoka na vumbi kwenye rangi, hawakukitupa. Walikisugua, wakakirudisha kwenye mstari, kikapakwa tena. Boneti ndiyo inayoonekana zaidi, ndiyo walikuwa wakiikagua zaidi. Nimeshaona mbili kabla ya hii."

"Hayo ni maneno."

"Basi yaone kwa macho. Nifungue dirisha." Kwao mafundi, kufungua dirisha ni kusugua mahali padogo, kama ukubwa wa kifungo, kwa msasa laini sana na maji, mpaka matabaka yote ya rangi yatokeze kama pete, moja ndani ya nyingine, hadi bati. "Nafungua hapa chini ya bawaba, pasipoonekana. Kama kuna praima katikati ya rangi mbili, au rangi ya chini imechakaa na jua, imepakwa na mtu. Kama zote mbili ni mbichi na praima ni moja tu, ile nyekundu, imepakwa kiwandani."

Shemeji alimshika mkono. Alimshika kwa nguvu, na macho yalimtoka. "Shemeji, usijisumbue. Acha."

Jicho alimtazama bila kumwelewa, na alipomwelewa, daktari alikuwa ameshasema.

"Hilo nalikubali. Pete hazidanganyi. Na kama kipimo kinaweza kunikosesha kwenye boneti, kinaweza kunikosesha kokote. Fungua dirisha kwenye kila kipande."

"Kila kipande?" alisema Shemeji.

"Fungua kote, mama," alisema Mjomba. Sauti yake ilikuwa imerudi. "Fungua kote! Waone."

Jicho alikwenda kwenye gari lake kuchukua msasa na chupa ya maji. Aliinama ndani ya buti lake akakaa vile muda mrefu kuliko alivyohitaji. Kisha akarudi.

Alianza na boneti. Alisugua kwa duara ndogo, akilowesha, akipangusa, na wote wakainama juu ya mkono wake. Ikatokea rangi ya ukungu. Ukatokea mstari mwembamba kama unywele, palipopita msasa wa mtu wa kiwandani ambaye huenda alishakufa. Ikatokea tena ukungu, mbichi, haijawahi kuona jua. Halafu praima nyekundu. Halafu bati.

Mkaguzi alitoa lenzi mfukoni, akatazama. Akatazama tena. Akanyoosha mgongo. "Naomba radhi, mzee. Ni ya kiwandani. Zote mbili."

Mjomba alicheka kicheko cha kijana. Alimpiga mkaguzi begani, akamwita mwanangu. Daktari alikuwa amefungua daftari lake tena, na kwa mara ya kwanza uso wake ulikuwa wa mtu anayetaka kununua. Alirudi nyuma hatua tatu akalitazama gari zima. "Rangi gani hii, jamani," alisema polepole, akijisemea. "Inabadilika ukisogea."

"Asubuhi ni kijivu," alisema Mjomba. "Subiri saa tisa alasiri uione."

Jicho akaendelea. Madigadi ya kulia, kwa ndani: ukungu, nyekundu, bati. Ya kushoto: vilevile. Mlango wa mbele wa kulia aliufungulia dirisha kwenye ukingo wa ndani, ule unaojificha. Hakuna aliyelalamika, maana nani anataka alama mahali panapoonekana? Mlango wa nyuma wa kulia, ukingo wa ndani. Mlango wa mbele wa kushoto, ukingo wa ndani. Ukungu, nyekundu, bati.

Akafika mlango wa nyuma wa kushoto.

Aliufungua. Alipiga goti. Ukingo wa ndani ulikuwa mbele ya macho yake, na alijua kitu ambacho hata Shemeji hakukijua: ule ukingo hakuupaka. Ulikuwa wa kiwandani. Angesugua pale, kama alivyosugua mingine yote, na pete zingetoka safi, nyekundu na yote, na mkaguzi angetikisa kichwa, na daktari angeandika, na mambo yangekwisha. Hakuna mtu duniani ambaye angejua. Hata uongo asingesema. Angekaa kimya tu.

Nyuma yake Shemeji alisema, kwa sauti ya juu kupita kiasi, "Jamani, tumeshaona ya kutosha! Soda zinapata moto."

"Mwache amalize," alisema Mjomba. Kisha akamwambia daktari, kwa sauti ya chini lakini Jicho akasikia: "Mashine yako ni nzuri, daktari, sikatai. Lakini huyu binti nilimnunulia bunduki yake ya kwanza ya kupulizia rangi, shangazi zake wakinicheka kwamba msichana anayenuka thina ataolewa na nani. Akikwambia rangi hii ni ya kiwandani, weka mashine mfukoni."

Jicho alilowesha msasa. Akauweka kwenye ukingo. Maji yakatiririka mpaka kwenye kiwiko. Mkono haukusogea.

"Fundi?" alisema mkaguzi.

Aliinuka, akafunga mlango taratibu. Akaweka msasa nje, chini ya kitasa, katikati kabisa, mahali ambapo hata mpita njia angeona, akasugua.

"Nini hicho unafanya?" Mjomba alisema. "Mama, mbona hapo?"

Alisugua mpaka kijivu kikatokea. Praima ya kijivu, yake.

"Mlango huu nimeupaka mimi," alisema.

Mkaguzi aliinama na lenzi yake, akapapasa mlango kwa vidole, akatoa kifaa, akakiweka. Kikalia. "Mia na moja," alisema, kama mtu aliyechezewa kiini macho. "Haiwezekani. Nimepima mara tatu."

"Ni huu peke yake," Jicho alisema. "Hakuna pengine. Mjomba hakujua. Alichokwambia kwenye simu alikuwa anakiamini, daktari. Yeye hajasema uongo hata neno moja."

Mjomba alikuwa hajasogea. "Lini?"

"Ulipokwenda mazikoni."

"Uliharibikaje?"

"Kuupaka niliupaka mimi. Hayo mengine si yangu kuyasema."

Mjomba akageuka polepole, akamtazama mume wa binti yake. Shemeji alikuwa ameinamia miguu yake. Kisha akasema, "Ni mimi, baba. Nililipitisha getini vibaya. Nilimwomba anisitiri. Alinikatalia kwanza."

Wote walitazamia kishindo. Mjomba hakupiga kelele. Alijikongoja mpaka kwenye ngazi ya jikoni, akakaa, akanyoosha lile goti bovu. "Wiki kumi," alisema. "Kila wiki nimekuwa nikiupangusa mlango wako, nikidhani ni wangu."

"Mjomba—"

"Nenda nyumbani."

Jicho aliokota chupa yake na msasa. Daktari alimpisha njia. Alipokwisha kuingia kwenye gari lake alisikia la daktari likiwashwa, na hakugeuka kuona kama limeondoka na maelewano au bila.

Siku zilizofuata alifanya kazi kama punda. Alikuwa na pikapu la mteja la kupaka jeupe, kazi ya mtoto, na aliirudia mara mbili. Dada yake, yaani binti wa Mjomba, alimpigia simu siku ya pili, akamwambia mzee anakula, anajibu salamu, haongei. Shemeji amehamia sebuleni. Siku ya tatu hakuna aliyepiga. Jicho alishika simu yake mara kadhaa akaiweka. Angemwambia nini? Kwamba alifanya kwa ajili yake? Hakufanya kwa ajili yake.

Siku ya tano, saa sita mchana, daktari wa meno aliingia karakana peke yake, akiruka madimbwi ya maji ya msasa kwa viatu vyake vizuri.

"Nimetoka kwa mjomba wako," alisema. "Nanunua."

Jicho aliweka chini kitambaa.

"Si kwa bei ile. Mlango ni mlango, na bei imeshuka, na mjomba wako hakubishana hata kidogo. Lakini nataka uniandikie karatasi. Ulichokitoa, ulichokiweka, tarehe, na sahihi yako. Atakayelinunua kwangu siku moja aisome."

"Nitaandika."

Daktari hakuondoka. Alitazama makopo ya rangi ukutani. "Mkaguzi wangu hajalala vizuri tangu siku ile. Anasema ungesugua ule ukingo wa ndani tungeenda na kuamini mpaka kufa. Aliurudia jana, akaona. Ulijua?"

"Nilijua."

"Kwa nini hukusugua pale?"

Jicho alifikiri. "Mjomba alikuwa ananisifu," alisema. "Nisingeweza tena kukaa naye meza moja."

Ukungu lilichukuliwa Jumamosi. Jicho aliletewa habari na Dada, akaambiwa na karatasi iletwe hukohuko. Hakuambiwa kama Mjomba amemtaka aje au amevumilia tu. Alifika akamkuta amekaa kwenye kigoda mbele ya mlango wa nyuma wa kushoto, miwani puani, kama mtu anayesoma gazeti. Dirisha lile lililosuguliwa lilikuwa bado wazi, duara la kijivu chini ya kitasa.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba." Hakugeuka. "Umekosea."

"Najua. Naomba unisamehe. Nilipaswa kukuambia siku ileile uliporudi."

"Hilo ndiyo. Ungeniambia, ningekasirika siku mbili, ya tatu ningekutuma dukani. Umenifanya niape uongo mbele ya mgeni." Akaugusa mlango kwa kidole. "Lakini nasema rangi. Umezidisha manjano."

Jicho alishangaa. Alichuchumaa kando yake. "Wapi?"

"Hapa pote. Tazama mlango wa mbele, tazama huu. Siku tano nimeukalia. Mwanzoni sikuona kitu. Sasa siwezi kuacha kuona."

"Mjomba, hiyo ni nuru ya ukuta."

"Nuru ya ukuta! Mimi nimechanganya wino kabla mama yako hajaolewa. Tone moja, limezidi."

Jicho alitazama, akafinya macho, akasogea, akarudi. Lilikuwepo. Tone moja. Alikuwa amelitilia shaka hata siku ile ya kulichanganya. "Limezidi," alikubali, akatazama pembeni.

Mjomba alichukua ile karatasi, akaisoma yote, midomo ikitembea, akitafuta makosa ya herufi kwa mazoea ya kazi. Alilipata moja, akamwomba kalamu, akalisahihisha. Kisha akaikunja akaiweka kwenye droo ya gari pamoja na funguo.

Lori la kubebea magari lilifika saa nne. Shemeji ndiye aliyesukuma Ukungu kutoka bandani, akiongozwa na Mjomba kwa fimbo, kushoto, kushoto kidogo, simama, na safari hii hakuna kilichogusa nguzo. Daktari alilipokea mwenyewe. Lilipopandishwa juu jua likalipiga ubavuni, likageuka kutoka kijivu kuwa ile rangi ambayo hakuna mtu dukani aliyeitaka, na watu wawili waliokuwa wakipita walisimama kutazama, wakauliza ni gari gani.

Lilipokwisha kukata kona, Mjomba alibaki amesimama barabarani muda kidogo. Shemeji alitaka kusema neno la kuchekesha, akalimeza.

"Chakula kipo tayari," Dada aliita kutoka ndani.

Mjomba akageuka. Akampita Shemeji, akampita Jicho, akafika mlangoni ndipo akasimama, bila kutazama nyuma.

"Mnasubiri kualikwa kwa barua? Ingieni mle."

Waliingia. Shemeji akavuta viti. Mjomba alikula akiwa ameinamia sahani yake, lakini alipomaliza alisukuma bakuli la mchuzi upande wa Jicho, ambaye alikuwa hajajaza sahani, akamwambia aongeze.